Elektrodi za metanoli: mtu wa shamba anasoma makala za wakemia

Wandugu, mwezi uliopita mdogo mmoja, finaliste wa kemia, aliniandikia kwa WhatsApp: «Yaya, minaomba unisomee hii projet mbele niipeleke kwa directeur.» Mimi ni mtu wa agronomie. Nikamujibu kwamba amekosea mlango. Akasema hapana, juu ndani kuna maganda ya ndizi.

Kweli yalikuwemo. Projet ilisema hivi: tuchome maganda ya ndizi za Butembo tupate makaa, juu ya makaa tuweke kobalti na nikeli, hiyo ikuwe anodi ya seli ya metanoli, na Kongo iache kuuza madini mabichi. Pamoja na projet alinitumia kitabu kimoja kizima na makala 14. Nilisoma vyote kwa wiki tatu, usiku, wakati umeme unakubali. Hapa ninatoa maoni yangu juu ya kitabu na juu ya zile makala, na yeye amenikubalia kuandika, bila jina lake.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Seli ya metanoli (Wafaransa wanaita pile à combustible) haichomi kitu. Upande mmoja, kwenye anodi, metanoli iliyochanganywa na maji inaachia elektroni. Upande wa pili, kwenye katodi, oksijeni ya hewa inazipokea. Katikati kuna ngozi nyembamba ya plastiki inayopitisha protoni tu. Elektroni zinalazimika kupita njia ya inje, ndani ya waya, na njiani zinawasha taa yako. Hakuna kelele, hakuna moshi; kinachotoka ni maji na gesi ya kaboni kidogo. Wazo la kutengeneza umeme namna hii ni la zamani kabisa: William Grove alionyesha ya kwanza, ya hidrojeni na oksijeni, mwaka 1839. Ya metanoli yenyewe ilipata nguvu miaka ya 1990 huko Kalifornia, mahali timu ya George Olah na Surya Prakash ya Chuo Kikuu cha Southern California ilifanya kazi pamoja na watu wa Jet Propulsion Laboratory.

Olah huyo ndiye mwandishi wa kwanza wa kitabu nilichotumiwa: Beyond Oil and Gas: The Methanol Economy, alichoandika na Alain Goeppert na Prakash. Kilitoka mwaka 2006, na toleo la tatu ni la 2018, mwaka mmoja nyuma ya kifo chake. Alizaliwa Budapest, akapata Nobel ya kemia mwaka 1994. Ninataja haya juu kitabu kinasomeka kama sauti ya mzee aliyefanya kazi sana na hataki kuondoka bila kuacha ramani. Mimi nilikipenda. Wazo lake kubwa ni rahisi: hidrojeni ni gesi yenye shida kubwa ya kubeba, lakini ukiifunga kwenye kaboni inakuwa metanoli, kitu cha majimaji, na majimaji unaweka ndani ya bidon. Mtu wa Butembo hahitaji maelezo marefu hapo. Mafuta yetu yote yanafika na malori kupitia Kasindi, na kutoka kwa lori yanaingia kwa madumu, na kutoka kwa madumu yanaingia kwa chupa za plastiki kando ya barabara. Kitu kisichoingia ndani ya chupa, hapa kwetu hakina soko.

Na mahali anaposema metanoli inaweza kutoka kwa gesi ya metani na kwa gesi ya kaboni, mtu wa Kivu hawezi kukosa kuwaza ziwa. Ziwa Kivu liko na metani karibu kilomita 60 za ujazo, na gesi ya kaboni inayozidi hiyo mara tano hivi. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unatoa megawati kama 26 tangu mwisho wa mwaka 2015. Upande wetu, serikali ilitangaza vipande vitatu vya gesi kwa mnada mwaka 2022. Basi malighafi ya Olah tunayo, tunailalia. Mdogo wangu alikuwa amepiga mstari chini ya sura hiyo yote, na ninamuelewa.

Sasa, njo mahali ninaanza kugombana na kitabu. Kinapofika kwenye elektrodi kinakimbia. Kinaeleza kwamba anodi ni ya platini na ruteni, kwamba kuna matatizo, kwamba utafiti unaendelea. Ni kama mtu akueleze bustani nzima ya kahawa, kivuli, mteremko, soko la Ulaya, halafu kuhusu mbegu aseme tu: itapatikana.

Elektrodi njo mbegu ya hii habari yote. Platini inafanya kazi kubwa: inavunja metanoli. Lakini inapoivunja, kipande kimoja, monoksidi ya kaboni, kinabakia kimeishikilia. Waza taxi-bus ya Beni: abiria amefika, amelipa, lakini hataki kushuka, na kila kiti kinashikwa na mtu kama huyo. Gari liko zima, mafuta yako ndani, lakini haliwezi tena kubeba mtu. Ruteni inasaidia juu inavuta oksijeni kutoka kwa maji haraka kuliko platini na kuisogeza karibu, monoksidi inageuka gesi ya kaboni, inashuka. Vizuri. Isipokuwa ruteni yenyewe inayeyuka polepole, inavuka ngozi ya katikati, inaenda kukaa kwenye katodi mahali hainyeshi faida. Tena metanoli yenyewe inavuja kwenye ile ngozi na kuchomekea upande wa pili bure. Kwa hesabu ya karatasi seli moja ingetoa volti 1.21. Kwa kazi ya kweli inatoa kati ya 0.3 na 0.5. Vifaa vizuri vinavyouzwa Ulaya vinakula karibu lita 0.9 za metanoli kwa kilowati-saa moja, ni kusema taa ya wati 10 kwa masaa mia moja, na hiyo ni kama robo tu ya nguvu iliyokuwa ndani ya lita.

Na bei? Platini nyingi ya dunia inachimbwa Afrika Kusini, ruteni inatoka nayo kama mtoto mgongoni. Seli hizi zinahitaji miligramu kadhaa kwa kila sentimita ya mraba, zaidi sana kuliko seli za hidrojeni. Mwaka 2009 Toshiba walitoa chaja ya simu ya metanoli, Dynario. Walitengeneza 3,000 tu, wakauzia Wajapani tu, na ikaishia pale. Kitabu kilichoanza na petroli ya dunia nzima kingetakiwa kunieleza kwa nini kilikwama kwenye chaja ya simu. Hakikunieleza vya kutosha.

Kwa hiyo nilielewa vile mdogo wangu alikimbilia zile makala 14. Zinasema: tumepata anodi bila platini! Nikeli! Kobalti! Na kila moja inaanza na sentensi karibu ileile, kwamba dunia inahitaji nishati safi. Mkongomani akisoma neno kobalti ndani ya makala ya namna ile, moyo unapiga. Zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inatoka hapa, hata kama ni Kolwezi na si Kivu yetu.

Nilisoma michoro yao kama ninavyosoma majaribio ya mbegu. Kabla ya kuuliza aina gani imezaa sana, unauliza: imezaa wapi, mara ngapi, na ukiilinganisha na nini. Na kwanza kabisa: je, walipima kitu wanachosema walipima?

Hapo njo niliona shida kubwa, na sikuamini mwanzoni, juu mimi si mkemia. Nikaenda kuuliza mtu anayefundisha hayo mambo. Akasema ndiyo, ni vile.

Fikiri maporomoko. Mtambo wa Mutwanga, pale chini ya Rwenzori, unatoa umeme tangu 2013 juu maji yanatoka juu na kushuka chini. Seli ni vile vile, na urefu wa maporomoko unapimwa kwa volti. Wakemia wanaweka hidrojeni kwenye sifuri. Juu ya kilima kuko oksijeni, kwenye 1.23 kwa karatasi, 0.8 au 0.9 kwa kazi. Chini ya kilima kuko metanoli, karibu sifuri kwa karatasi, na 0.3 au 0.4 ukiwa na platini na ruteni. Tofauti ya hizo mbili njo volti yako. Kidogo, lakini maji yanashuka.

Sasa angalia mchoro wa anodi ya nikeli ndani ya potasi kali. Mkondo unapanda juu sana, mzuri kweli, wanaandika mamia ya miliampea. Lakini tazama ule mstari wa chini, unaanzia wapi kupanda? Kwenye 1.35, 1.4. Ni hivi: nikeli haigusi metanoli mpaka yenyewe kwanza igeuzwe kuwa oksidi ya juu, na kugeuka huko kunadai hizo volti. Yaani bonde liko juu kuliko kilima! Ukiunganisha anodi hiyo na katodi yoyote ya hewa, maji hayatashuka. Itabidi uyapandishe na pampu. Hiyo si seli ya kutoa umeme, ni chombo cha kula umeme.

Kati ya makala 14, tisa ziko hivyo. Tisa! Zote zinaandika kwenye mwanzo na kwenye mwisho kwamba ni za «seli za metanoli». Nitakuwa mwenye haki: anodi za namna ile ziko na kazi nyingine. Ukitaka kupasua maji upate hidrojeni, kuweka metanoli upande wa anodi kunapunguza umeme unaohitajika, na unapata formati ya kuuza. Hiyo ni kazi halali. Lakini mtu aiite jina lake. Kuandika seli pale ni kama kuandika «aina ya kuzaa sana» kwenye mfuko wa mbegu ambayo haijawahi kutoa hata ganda moja la maharagwe, ati kwa sababu majani yake ni ya kijani kabisa. Na watakaodanganyika si maprofesa wa huko mbali, wao wanajuana. Ni mwanafunzi wa Butembo mwenye mwaka mmoja wa kumaliza mémoire na dola mia chache ambazo mama yake amepata kwa kuuza maharagwe.

Mambo mengine ni madogo zaidi, lakini yananiuma kama mtu wa shamba.

Marudio. Sisi, hata kwa mémoire ya kabichi, jury inakuuliza: vipande vingapi? Marudio matatu, manne? Ulivipanga kwa bahati nasibu? Ukisema kipande kimoja, unarudishwa nyumbani mbele ya wazazi waliovaa vizuri. Ndani ya makala zile, nyingi zinaonyesha elektrodi moja, iliyopimwa mara moja, na tofauti ya asilimia 8 kati ya hii na ile inaitwa ushindi.

Muda. «Elektrodi ni imara sana»: imara kwa sekunde 3,600. Saa moja! Taa ya duka la Matanda inawaka masaa manne kila jioni. Katika wiki moja tu tumepita vipimo vyao mara 28.

Potasi. Ile maji kali ya KOH inavuta gesi ya kaboni kutoka kwa hewa na kugeuka karbonati. Na metanoli yenyewe inatoa gesi ya kaboni ikichomeka. Basi seli inajiharibia maji yake yenyewe. Ndani ya maabara wanabadilisha maji kila asubuhi na hawasemi.

Na maganda ya ndizi, ambayo yaliniingiza ndani ya hii habari. Makala mbili ziliyatumia. Zote mbili zinaandika «maganda ya ndizi», basi. Ndizi gani? Ya kupika, ya kasiksi, ya kula hivi hivi? Mbivu ao mbichi? Ilizaliwa kwa udongo gani? Majivu ya maganda ya ndizi yamejaa potasiamu, na kiasi kinabadilika kufuatana na aina, udongo na kuiva. Na potasiamu hiyo ndiyo inatoboa makaa wakati wa kuchoma na kuyapa ule uso mpana wanaousifu. Kwa hiyo kitu chenyewe kinachofanya makaa kuwa mazuri ndicho hawakupima. Mtu atakayerudia na ndizi za kwetu atapata makaa mengine, na atafikiri ni yeye ndiye mjinga. Tena wanaita maganda «taka zisizo na bei». Wamuulize mama mwenye mbuzi na nguruwe pale Vulindi. Wauulize mgomba wenyewe: hayo maganda yakitoka shambani kwenda kwa elektrodi, potasiamu gani itarudi chini?

Ninafika sasa kwa jambo ambalo hakuna makala hata moja ililigusa, na kitabu pia hapana: mahali. Sisi tunaita majaribio ya multilocal. INERA haiwezi kutoa aina ya maharagwe kwa sababu ilizaa vizuri Mulungu tu. Inapelekwa juu, inapelekwa chini, mvua nyingi, mvua kidogo. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54. Lakini Butembo iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na Beni karibu mita 600 chini yake. Hewa ya Butembo iko na uzito wa kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Ya Beni inaelekea 87. Katodi inapumua hewa. Ni kama mapafu. Unapopima katodi kwa oksijeni safi ya chupa, kwenye usawa wa bahari, hujanieleza kitu juu ya mlima wa Butembo. Volti yenyewe haitaanguka sana, lakini ukiivuta kwa nguvu itakosa pumzi mapema zaidi, hasa kama kuna metanoli imevuja pale nayo inagombania oksijeni ileile.

Zaidi ya hiyo, hewa yetu si ya maabara. Ukitembea kwenye Rue Présidentielle saa kumi na mbili jioni unasikia magroupe yakiunguruma mbele ya maduka. Moshi wa mazutu uko na salfa, na salfa ni adui wa platini, inashika viti vibaya kuliko monoksidi. Yaani groupe ya jirani itaua seli yako safi kupitia dirisha. Nimecheka, lakini ni kweli. Kifaa kilichotengenezwa ili kumaliza groupe hakiwezi kuishi karibu na groupe.

Ninajua mtu atasema: yaya, unakataza watu kuota. Hapana. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, chanjo iliyotumiwa hapa Beni na Butembo ilitakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 60 mpaka 80 chini ya sifuri. Wote tuliona vile umeme wa uhakika, hata kidogo, ulikuwa ni maisha ya watu. Kama kungekuwa na sanduku lisilo na kelele linalokula lita moja na kutoa umeme usiku kucha, ningelibeba mwenyewe kichwani. Ndiyo maana sitaki kulipata kwenye mchoro wa uongo.

Tena kuna metanoli yenyewe. Kitabu kinasema ni sumu, hakifichi. Kinaiweka tu karibu na petroli na kusema zote mbili zinahitaji uangalifu. Hapa ninakataa. Petroli hakuna mtu anaiuza kama pombe. Metanoli inafanana na pombe, inanukia karibu kama pombe, na kijiko kimoja kikubwa ao viwili vinaweza kukupofusha. Mililita 30 hivi zinaweza kukuua. Mwezi wa nne 2010, kule Kabale, Uganda, si mbali na sisi, watu kama 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na metanoli. Mwezi wa tano 2014, Kenya, Embu na sehemu nyingine, ilikuwa tena hivyo, na wengine walioamka waliamka vipofu. Sisi tuko inchi ya kasiksi, lutuku na kanyanga. Ukileta kwa soko lita ya pombe ya rahisi iitwayo «mafuta ya taa mpya», utapata nini?

Jibu la kawaida ni kuweka rangi na kitu kichungu ndani. Sawa. Lakini elektrodi itafanya nini na hiyo rangi na huo uchungu? Baadhi ya vitu hivyo vichungu viko na chaji, vinaweza kuingia kwenye ngozi ya katikati na kubakia. Majaribio yote niliyosoma yalitumia metanoli safi ya maabara. Hakuna hata moja iliyotumia metanoli ambayo mtu mwenye akili angeruhusu iuzwe Butembo. Kwangu hilo njo jaribio la kwanza linalofaa, na halipo.

Kati ya zile makala 14, zilibakia tatu nilizozipenda. Hazina kelele. Zinaweka kobalti kwenye makaa yenye nitrojeni, lakini upande wa pili, kwenye katodi, kwa kazi ya kupokea oksijeni. Na huko kobalti iko na sifa ya kweli: haijali metanoli. Platini kwenye katodi inachoma metanoli iliyovuja na inapoteza volti. Kobalti ya namna hii inaiacha ipite, inaendelea na oksijeni yake. Haina nguvu kama platini, na inazeeka, waandishi wenyewe wanaandika hivyo, na hilo linanifanya niwaamini. Moja ilirudia kila kipimo mara tatu na kuonyesha makosa kwa vijiti vidogo kwenye mchoro. Niliona vile vijiti nikafurahi kama mtu amekutana na wa kwao ugenini.

Moja ya hizo tatu ilinifundisha pia kitu ambacho kila mwanafunzi anapaswa kujua. Kupima elektrodi unahitaji nyingine ya kuisaidia kufunga njia ya umeme, na watu wengi wanatumia waya wa platini juu ni wa kawaida. Unapopima katodi, ule waya unayeyuka kidogo kidogo na platini inakuja kukaa juu ya elektrodi yako «isiyo na platini». Unasifu kobalti, kumbe ni platini inafanya kazi. Kwetu ingekuwa kipande cha kulinganisha kimemwagiwa mbolea na mvua kutoka kwa kipande cha juu. Dawa yake ni kutumia kijiti cha grafiti. Vijiti vya kaboni viko ndani ya mawe ya tochi yaliyokufa, soko imejaa, ukivisafisha vizuri sana uitoe ile manganizi nyeusi.

Basi nilimuandikia mdogo wangu barua ndefu. Toa kobalti kwa anodi, ipeleke kwa katodi. Nikeli iache. Ndizi: chagua aina tatu, utaje majina yao, maganda ya Butembo na maganda ya Beni, marudio manne, na kila makaa upime majivu na potasiamu mbele ya kugusa umeme. Pima na hewa ya kweli, si oksijeni ya chupa. Matone machache ya metanoli yatatosha kuona kama katodi inavumilia. Kifaa cha kupimia hakipo hapa, alikuwa tayari amepanga kwenda Kampala. Aende na elektrodi ishirini na nne, asiende na moja. Na jina la mémoire lisiseme seli. Liseme katodi.

Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akaandika: «Yaya, umenihamisha kama mtu anahama parcelle. Nilikuwa nimekwisha kuandika introduction.» Halafu akauliza nani atamletea maganda ya Beni, na barabara ile tunaijua wote. Nikamwambia tutatafuta, ma-mama wa ndizi wanasafiri kila wiki.

Nikamuuliza: metanoli ya anodi ulikuwa umekwisha kununua?

«Ndiyo, lita moja.»

Iko wapi?

«Chini ya kitanda, yaya. Kando ya bidon ya kasiksi ya kaka.»

Nilichukua pikipiki jioni ileile. Sasa chupa iko ndani ya armoire ya labo yenye kufuli, na tumebandika karatasi mbili, ya Kiswahili na ya Kinande, zenye kichwa cha mfu. Lebo ya kwanza ilikuwa inasema tu CH3OH, na kaka yake hajasoma kemia.